Presha imeshuka, mwanangu

Mama yangu alikuwa akifunga dawa zake za presha kwenye pindo la kanga. Hakufunga zote. Bahasha yenyewe, ile ya kaki iliyoandikwa 1x1 kwa kalamu nyekundu, ilikaa kabatini chini ya vitenge. Pindoni alitia vidonge viwili vitatu vya amlodipini, akakaza fundo, akaenda nalo shambani, kanisani, msibani. Siku niliyomuuliza kwa nini anatembea na dawa badala ya kuzimeza, alinishangaa kweli kweli.

"Sasa nimeze ya nini, mwanangu, na presha haijapanda?"

Bahasha ya mwezi mmoja ilimfikisha miezi minne. Niliudhika, nikadhani ni ukaidi wa uzee. Imenichukua muda mrefu, na jambo baya ilibidi litokee kwanza, ndipo nikaelewa kwamba Mama hakuwa mkaidi. Alikuwa akilisikiliza neno na kulifuata jinsi linavyotumika.

Kazi yangu ni kutafsiri. Nimetafsiri vipeperushi vingi vya afya, na kila nilipokutana na "pressure" ya Kiingereza niliandika "shinikizo la damu", nikaendelea na mstari unaofuata. Sikuwahi kujiuliza kama kuna mtu anayesema hivyo akiwa nyumbani kwake. Mama hajawahi kusema. Hata mimi, nikiumwa kichwa usiku, sisemi labda ni shinikizo la damu. Sote tunasema presha.

Lisikilize neno hili kwa siku moja tu. Asubuhi maji ya bomba yanatoka kwa presha ndogo, ndoo haijai. Kwenye daladala abiria anadai chenji yake, kondakta anamjibu, "Mama, usinipe presha." Ofisini ripoti inatakiwa kabla ya saa sita na kila mtu yuko kwenye presha. Jirani analalamika kwamba kijana wake wa kidato cha nne anampandisha presha. Maharage yako kwenye presha kuka. Babu wa nyumba ya pili ana presha ya macho, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoweza kumpofusha mtu huku damu yake ikiwa haina tatizo lolote. Jioni mko msibani, mtu anainama kuuliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa anasumbuliwa na nini?" Jibu linakuja fupi: "Presha." Na hapo hakuna anayeuliza ni presha ipi, kwa sababu kwenye masikio yetu zote zimeshakuwa moja.

Wazee walikuwa na maneno mengi kwa mambo haya. Aliyepokea habari mbaya akaanguka, walisema amepatwa na kihoro. Mwenye hofu isiyomwacha alale alikuwa na jakamoyo. Kulikuwa na fadhaa, kulikuwa na simanzi, kulikuwa na dhiki, na kila moja lilikaa chumbani kwake. Presha ilipofika iliingia vyumba vyote. Siku hizi mtu akifa ghafla baada ya kugombana na mwanawe, humsikii mtu akisema kihoro. Utasikia presha ilimpanda.

Nilianza kulichimba neno lenyewe kwa sababu ya Mama, nikakuta jambo lililonishtua. Kiingereza kililipata kutoka Kilatini, pressura, kupitia Kifaransa cha zamani, katika karne ya 14, na maana yake ya mwanzo kwa Waingereza haikuhusu damu wala maji wala mvuke. Lilimaanisha mateso, uchungu wa nafsi. Maana ya hewa na maji yanayosukuma ilikuja baadaye, karne ya 17, enzi za wanasayansi Torricelli, Pascal na Boyle walipokuwa wakichunguza uzito wa hewa. Biblia ya Kilatini inalo neno hilo katika Yohana 16:33: In mundo pressuram habebitis. Mstari huo kwa Kiswahili Mama anaujua kwa moyo, maana ameusikia katika mazishi mengi: "Ulimwenguni mnayo dhiki, lakini jipeni moyo." Mahali petu palipoandikwa dhiki, Kilatini kimeandika mzazi wa presha.

Na dhiki nayo ina habari yake. Ni neno la Kiarabu, na asili yake ni ufinyu, mahali pembamba panapokubana. Msongo, ambalo tumelipa kazi ya "msongo wa mawazo", linatokana na kusonga, kitendo kile kile cha mwiko na ugali, cha vidole na nywele. Shinikizo, lile neno langu la vipeperushi, zamani lilikuwa jina la mtambo wa kukamulia mafuta. Lugha zote hizi zilipotafuta namna ya kusema mtu anaumia ndani, zilimkuta anabanwa.

Nilimsimulia Mama haya yote tukiwa tumekaa barazani anachambua mchele. Aliinua uso kutoka kwenye ungo. "Si nilikwambia? Presha ni dhiki. Nyie mnang'ang'ania chumvi."

Kwa upande wa lugha alikuwa amenishinda, na sikuwa na la kumjibu. Historia ya neno iko upande wake. Shida ni kwamba daktari anapotamka presha anataja kitu kingine, kitu chenye urefu wa kupimika.

Wa kwanza kuupima urefu huo alikuwa mchungaji wa Kiingereza, Stephen Hales, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1733. Alimlaza farasi jike aliyefungwa kamba, akaingiza mrija wa shaba kwenye mshipa wa paja na kuuunganisha na bomba refu la kioo lililosimama wima. Damu ikapanda ndani ya kioo zaidi ya futi 8, karibu mita mbili na nusu, ikawa inacheza juu na chini kila moyo ulipopiga. Nikisoma habari hiyo huwa namwonea huruma yule farasi. Lakini tazama kitenzi: ikapanda. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci, daktari wa Turin, akapata njia isiyomwaga damu, kwa kufunga mkono wa mgonjwa kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kuujaza upepo, na kuangalia zebaki, ile metali ya majimaji, inapanda mpaka wapi kwenye mrija wa kipimo ndipo mapigo ya kifundo cha mkono yapotee. Mwaka 1905 Nikolai Korotkoff, mpasuaji wa huko St. Petersburg, akaongeza stetoskopu, kile kifaa cha daktari cha kusikilizia mapigo: mpira unapolegezwa, sauti ya kwanza inayosikika ni namba ya juu, moyo ukiwa umekaza, sauti inapozimika ni namba ya chini, moyo ukiwa umelegea. Ndiyo maana mpaka leo tunasema 120 kwa 80, na hesabu hiyo ni ya milimita za zebaki.

Kwa hiyo "presha imepanda" ilikuwa kauli ya kweli kabisa kuhusu zebaki iliyo mbele ya macho ya daktari. Kosa limeingia pale kauli ya kipimo ilipogeuka jina la ugonjwa.

Maana fikiria vitu vinavyopanda na kushuka katika maisha yetu. Nauli hupanda. Bei ya unga hupanda, ikishuka shida imekwisha. Homa hupanda usiku, asubuhi ikishuka umepona. Na sisi tumelelewa na malaria. Dawa mseto unaimeza siku 3, unamaliza dozi, unarudi kazini. "Umemaliza dozi?" ndiyo hukumu yetu ya kama mtu ametibiwa au hajatibiwa. Mama alipotibiwa presha alisubiri dozi iishe, na alipoambiwa imeshuka alijua imeisha.

Aliambiwa hivyo kliniki, siku ambayo sitaisahau kwa furaha aliyokuwa nayo. Foleni ilikuwa imetoka mpaka nje kwenye mwembe. Nesi akampima, akatabasamu, akasema, "Mama, presha yako imeshuka, iko vizuri." Alinipigia simu akiwa bado njiani. "Presha imeshuka, mwanangu! Bwana asifiwe." Nami nikamsifu Bwana pamoja naye. Nesi alimaanisha dawa inafanya kazi. Mama alisikia umepona. Sikuwa na neno la kumlaumu nesi wakati ule na sinalo sasa. Ndivyo ambavyo kila mmoja wetu angesema. Ila sentensi ya pili haikusemwa: dawa ndiyo iliyoishusha, na ukiiacha itapanda tena.

Mwezi uliofuata alianza kupata kizunguzungu. Akaamua ni presha ya kushuka, maana kwetu magonjwa ni mawili, ya kupanda na ya kushuka, na ukishapona la kwanza kinachobaki ni la pili. Tiba ya presha ya kushuka inajulikana mtaa mzima: maji yenye chumvi. Ninaandika hili kwa uchungu, lakini nilikuwa likizo nyumbani na ni mimi niliyemkorogea. Kijiko kimoja, kikombe cha bati, nikamshikia akanywa. Hatukumpima. Presha ya chini ipo kweli, chini ya 90 kwa 60 au karibu na hapo, ikiletwa na kupungukiwa maji, kutoka damu, pengine dawa zenyewe. Lakini kizunguzungu hakisemi ni ipi. Kinachosema ni mashine. Mimi, mtu wa vipeperushi, nilikuwa nimeandika zaidi ya mara moja kwamba mtu asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na nilikuwa nimempa mama yangu kijiko kizima kwa mkupuo, juu ya ng'onda aliyokula mchana.

Ilikuwa Jumamosi alfajiri, miezi kadhaa baadaye. Mdogo wangu aliyekuwa naye anasema Mama alikuwa anajiandaa kwenda sokoni, amesimama karibu na dirisha, anafunga hela kwenye pindo la kanga. Pindo likamtoka. Akaliokota kwa mkono wa kulia, likamtoka tena. Mara ya tatu vidole vilifika kwenye kitambaa lakini havikufumba. Alikuwa anavitazama, hasemi kitu, mpaka mdogo wangu alipomwita na jibu likatoka limepinda, kama mtu mwenye maji mdomoni. Hospitali walimkuta na 190 na zaidi kwa namba ya juu. Kiharusi. Kidogo, walisema, na namshukuru Mungu kwa neno hilo kidogo, maana maneno yalirudi baada ya wiki chache na mguu ukarudi. Mkono wa kulia haujarudi wote.

Asubuhi hiyo hakuwa na hasira na mtu. Hakukuwa na msiba, wala deni, wala mtoto aliyemkosea. Hilo ndilo lililomsumbua kuliko kiharusi chenyewe. "Sikuwa na mawazo yoyote," alirudia kwa wiki nzima. "Presha imetoka wapi?"

Mawazo yana nguvu zake, sitaki kuyadharau. Ukikasirika au kuogopa presha inapanda kweli, hata ukiona tu koti jeupe la daktari inaweza kupanda, kisha ukitulia inarudi. Ugonjwa ni kitu kingine. Ni mishipa iliyokakamaa mwaka hadi mwaka, figo, chumvi, uzito, pombe, damu ya ukoo, umri. Unaweza kucheka siku nzima nayo iko juu, na kwa kawaida haikuumi popote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi nayo, na karibu nusu yao hawajui. Sishangai. Ukilisubiri neno presha likupe dalili ya presha, yaani moyo kwenda mbio na kichwa kugonga kwa hasira, utasubiri mpaka siku ya pindo la kanga.

Nilidhani mkanganyiko huu ni wetu, kwa kuwa neno ni la kuazima. Hapana. Wenye Kiingereza chao wamejikwaa pale pale. Jamaica na Trinidad watu husema fulani ana "pressure" na "sugar", sawasawa na presha na sukari zetu. Mwaka 1980 daktari mmoja wa Marekani, Dan Blumhagen, aliandika kuhusu wagonjwa aliowahoji Seattle: neno la kitabibu "hypertension" wengi wao walilivunja vipande viwili, wakasikia mtu aliyezidiwa na mahangaiko. Huko New Orleans mtafiti Suzanne Heurtin-Roberts alikuta wanawake Weusi waliokuwa na magonjwa mawili kwenye maelezo yao, moja la damu na moja la mishipa ya fahamu, wakati daktari alikuwa na moja tu. Ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura, ambao Kifaransa ndicho kilichowafikia, wanasema "tension", na neno hilo nalo lina mahangaiko ndani yake.

Hata madaktari neno liliwahi kuwapoteza. Kwa miongo mingi presha isiyojulikana chanzo iliitwa "essential", neno ambalo Kiingereza hulitumia pia kwa kitu cha lazima, na wako waliofundisha kwamba mishipa iliyozeeka inaihitaji presha hiyo, kwa hiyo isiguswe. Rais Franklin Roosevelt alipopimwa na daktari wa moyo Machi 1944 alikuwa na 186 kwa 108. Tarehe 12 Aprili 1945, siku aliyofariki kwa damu kuvuja kwenye ubongo, ilifika 300 kwa 190. Alikuwa rais wa nchi yenye nguvu kuliko zote, na kidonge anachopewa Mama bure kwa bima hakikuwepo duniani. Cha kwanza ambacho watu wangeweza kukimeza kila siku bila kuteseka kilifika sokoni mwaka 1958. Huwa nalifikiria hilo ninapokumbuka vidonge vilivyosagika kwenye fundo la kanga.

Aliyetupatia njia ya kutoka ni Mama mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa anamweleza kwa mara ya kumi kwamba 130 si kupona, kwamba ni dawa. Mama akatazama nje, kwenye mbuzi wa jirani aliyefungwa kwenye mpapai, kamba imekaza shingoni, akiyanyoshea shingo majani ya mihogo yetu.

"Kumbe haijashuka," akasema. "Imefungwa."

Tukanyamaza wote. Kwa miaka yangu yote ya kutafsiri sijawahi kupata neno linalobeba jambo hilo namna ile. Presha iliyoshuka imekwenda zake. Presha iliyofungwa ipo, unaiona pale uani, na kamba inahitaji kukazwa kila siku. Tangu hapo nyumbani kwetu hakuna anayesema imeshuka. Tunauliza, "Mama, umefunga?" naye anajibu, "Nimefunga tangu saa moja."

Mimi nami nimebadilika kazini. Naandika "ugonjwa wa presha" mahali pa "shinikizo la damu", na kwenye sentensi inayofuata naeleza kwamba presha ya mawazo ni nyingine. Mhariri mmoja alinirudishia kazi akisema presha ni lugha ya mtaani. Nikamwandikia kwamba mgonjwa naye anaishi mtaani. Baada ya kuandikiana mara mbili tatu alikubali, na nafurahi, kwa sababu kipeperushi kile kinabandikwa kliniki ambako watu kama Mama wanakaa kwenye benchi wakisubiri kuitwa.

Siku hizi anapimwa nyumbani, Jumatano na Jumapili kabla ya chai. Mwanangu ndiye msimamizi. Anamkalisha Bibi yake kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini, isipishane, mkono mezani usawa wa moyo. Dakika 5 hakuna kuongea, na kwa Mama hizo ndizo ngumu kuliko dawa. Mpira unajaa, unashika, unalegea polepole.

"138 kwa 84, Bibi."

Mama anavuta daftari la mistari, anaandika mwenyewe kwa mkono wa kulia, maana mtaalamu wa mazoezi alimwambia asiubembeleze. Namba zinapanda kilima na kutoka nje ya mstari. Pembeni ya kila namba anaandika neno moja: imefungwa. Kisha anameza kidonge, anachukua kanga na kufunga pindo lake, ncha moja kwa meno na nyingine kwa mkono wa kushoto. Ndani kuna sadaka na ufunguo wa kabati.